Nilivyokimbia na Namba ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa anakohoa kila tulipomaliza kupanda, na mimi nilikuwa namwambia ni vumbi.

Vumbi lilikuwepo kweli. Huko juu ya kwetu, ukishaacha mashamba ya kahawa na migomba ukashika njia ya msituni, udongo wa Mlima Meru ni mweusi na mwepesi kama majivu, na wakati wa kiangazi unapanda mpaka kwenye meno. Wote wawili tulitema mate meusi. Lakini mimi nikishatema nilikuwa nimemaliza. Yeye aliinama, mikono kwenye magoti, akakohoa kikohozi kifupi na kikavu, mara kumi, mara kumi na tano, huku nimesimama pembeni na simu mkononi namsubiri anyanyuke nimsomee muda wake.

"Vumbi hilo," nilimwambia. "Kunywa maji."

Alikunywa maji. Kesho yake tulipanda tena.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa mwisho wa mama yetu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nimemzidi miaka kumi na mmoja. Baba alikwishafariki, na waliozaliwa katikati yetu walikwenda mbali kutafuta maisha, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mama na kahawa yake, mimi, na yeye. Kabla ya mambo haya ya mbio nilikuwa mpagazi, miaka sita nikipandisha mizigo ya wageni Mlima Meru, mpaka mgongo ulipoanza kukataa. Nikajifunza useremala, nikafungua karakana ndogo Sekei, huko mjini. Kukimbia sikuwa najua. Nilichokuwa najua ni njia.

Yeye nilimgundua kwa bahati. Asubuhi moja nilifika karakana nikakuta nimesahau randa nyumbani. Nikapiga simu kumwomba mama anitumie kwa mtu yeyote atakayeshuka mjini. Nilikaa kunywa chai. Sijamaliza kikombe, nikamwona mdogo wangu amesimama mlangoni, kandambili mkononi, randa imefungwa kwenye kitenge mgongoni. Kutoka nyumbani mpaka Sekei si chini ya kilomita nane.

"Umepanda pikipiki?"

"Pikipiki ya nani?" alisema akicheka. "Nimekimbia tu. Ni mteremko."

"Na kurudi?"

"Nitakimbia pia. Nimeacha makande jikoni."

Nilipiga simu baadaye. Mama alisema makande hayakuungua.

Ndivyo tulivyoanza. Nilikwenda mnadani Ngaramtoni nikachambua lundo la mitumba mpaka nikapata raba zenye meno chini, namba yake kamili, upande mmoja umeliwa kidogo na mguu wa mtu wa Ulaya. Kila alfajiri kabla sijashuka kazini tulipanda wote. Mwanzoni nilikimbia mbele kumwonyesha njia. Baada ya miezi miwili nilikuwa nyuma yake. Baada ya minne nilikuwa nakaa chini kwenye kisiki nashika muda, maana kumfuata nisingeweza. Alikuwa anapanda kama vile mlima ndio unaomvuta. Kule kwenye mabega ya makorongo, ambapo wapagazi wenye nguvu husimama kushika kiuno, yeye alipiga hatua fupi fupi, kichwa kimetulia, hata nywele hazikutikisika.

Mbio yake ya kwanza ya milimani alikuwa wa pili. Ya pili alishinda. Watu waliokuwa wakipalilia mashambani walianza kunyoosha migongo akipita, wakamwita. Mimi nikiwa karakana wateja waliniuliza habari zake kabla ya kuuliza meza zao. Lazima niseme ukweli: nilifurahia mno. Nilikuwa mtu aliyeacha upagazi kwa mgongo mbovu, na ghafla nikawa kocha wa mtu.

Mama hakufurahia sana.

"Huyu mtoto aliumwa viungo," aliniambia siku moja akianika kahawa. "Umesahau? Alipokuwa darasa la tatu. Magoti yalivimba yakawa kama mapapai. Msimchoshe."

"Mama, hiyo ilikuwa zamani. Alishapona."

"Aliacha kulia," mama alisema. "Kupona sijui."

Nilikumbuka. Koo lilimuuma kwanza, halafu homa, halafu viungo, leo goti, kesho kiwiko. Tulidhani ni malaria. Mama alimkanda kwa maji ya moto wiki tatu, akainuka, akarudi shule, tukamshukuru Mungu kanisani. Ningeweza kuyaunganisha yale magoti na kile kikohozi. Sikujua kuwa yanaunganika, ni kweli. Lakini kikohozi chenyewe nilikisikia. Nilisikia kikianza kwenye kilima cha mwisho, kikaja kuanzia cha pili, kikaja kuanzia cha kwanza. Niliona anaanza kulala na mito miwili. Nilimuuliza, akasema shingo inamuuma. Nikashukuru kwa jibu hilo, sikuuliza tena. Mwaka ule ilikuwa inakuja ile mbio kubwa, kilomita sitini na mbili kuuzunguka ubavu wa mlima, na mwanamke atakayeshinda alikuwa apelekwe kukimbia milima ya Ulaya. Alishajiandikisha. Namba yake ya kuvaa kifuani tulishaichukua, tukaitundika kwenye msumari sebuleni, juu ya kalenda ya usharika.

Wiki tatu kabla ya mbio tulitoka kwa mazoezi marefu ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, juu kabisa kwenye misonobari. Nilikuwa nimemtangulia kwa njia ya mkato kumsubiri kwenye bega la korongo. Hakutokea. Nilingoja, nikaangalia saa, nikakasirika kidogo nikidhani anazembea. Niliporudi chini nilimkuta amekaa katikati ya njia, miguu ameinyoosha kama mtoto, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Alikuwa anatema povu lenye wekundu.

"Kaka," alisema, "hewa haiingii."

Nilivua koti, nikampitisha mgongoni, nikamfunga kama mama anavyofunga mtoto, nikashuka. Kwa miaka sita nilikuwa nimebeba kilo ishirini za wageni kwenye njia hizo hizo. Mdogo wangu hakuwa mzito. Ila mizigo ya wageni haikuwahi kupumua sikioni mwangu vile, kama sufuria inayochemka ikiwa imefunikwa. Nilishuka saa moja na nusu mpaka tukapata gari.

Daktari alikuwa dada mdogo, pengine rika moja na mgonjwa wake. Alimwekea oksijeni, akamchoma sindano za kutoa maji mwilini, na siku ya pili alimpima moyo kwa ile mashine ya picha. Aligeuza kioo tukione. Kitu cha kijivu kilikuwa kinapiga piga gizani.

"Hii ni vali ya moyo," alisema. "Inatakiwa ifunguke na kujifunga kama mlango. Hii imekakamaa, inafunguka nusu. Damu inakwama, inarudi kwenye mapafu. Ndiyo hayo maji. Na hii ya pili nayo imeharibika. Ulipokuwa mdogo, uliwahi kuumwa koo, viungo vikavimba?"

Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa.

"Kikohozi kilianza lini?"

Aligeuka akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nashika saa.

"Muda kidogo," nilisema. "Mwezi hivi."

Ilikuwa mwaka na zaidi. Daktari aliandika mwezi.

Kisha akasema kuhusu mbio. Hakuzunguka. Alisema kukimbia basi, si mwaka huu wala mwaka ujao, na kwamba ni ajabu hakufia huko juu. Mdogo wangu aliuliza kama akinywa dawa zote, kila siku, bila kuruka. Daktari akasema dawa ni za kumsaidia kuishi.

Tulimrudisha nyumbani baada ya siku tisa. Namba ilikuwa bado iko kwenye msumari. Mama alitaka kuitoa, mdogo wangu akamkataza. Alikuwa anakaa kwenye kochi akiwa ameegemea mito, miguu juu ya kigoda, akiitazama. Siku ya nne sikuweza tena kuvumilia.

"Nikukimbilie?" nilimuuliza.

Aliacha kuitazama namba, akanigeukia.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kilomita sitini na mbili?"

"Njia naijua."

Alitazama dirishani. "Haya," alisema. "Kimbia. Lakini usitembee."

Nilikwenda kwa waandaaji. Kijana wa mapokezi alikataa, akasema namba haihamishwi. Nikaomba kuonana na mkubwa wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, nikamweleza yote isipokuwa habari ya kikohozi. Alifuta miwani. Akasema sawa, nitakimbia, lakini matokeo yangu hayataandikwa popote, na namba nyingine hawana. Za wanawake zilikuwa za njano, za wanaume nyeupe.

"Utavaa njano," alisema.

"Nitavaa."

Kwa hiyo alfajiri ile, kwenye uwanja wa shule upande wa Ngaramtoni, nilisimama katikati ya watu kama mia mbili, taa zao vichwani, mimi na namba ya njano kifuani. Baridi ilikuwa inang'ata. Kijana mmoja nyuma yangu alisema, "Dada, kaza leo!" wenzake wakacheka. Nilicheka nao. Nilikuwa nimefanya mazoezi siku saba.

Kilomita za kwanza zilinidanganya. Tulipita katikati ya mahindi na maharage, njia pana, mbwa wanabweka, watoto wamesimama mlangoni na mablanketi, na miguu yangu ikanambia inaweza. Niliwapita watu. Nilifika kituo cha kwanza cha maji nikiwa na furaha ya kijinga, nikawaza kwamba pengine damu ni moja, pengine alichonacho yeye na mimi ninacho, kilikuwa kimelala tu. Mvua za masika zilikuwa zimekatika hivi karibuni, msitu bado umelowa. Tulipoingia kwenye miti njia ikawa utelezi mweusi, mizizi imejitokeza kama mishipa ya mkono wa mzee. Hapo wakaanza kunipita wote niliowapita. Walinipita kwa adabu, mmoja mmoja, wakisema "pole" na "samahani kaka."

Korongo la kwanza nililipanda nikikimbia. La pili nililipanda nikikimbia pia, kama kukimbia ndiko kule, nikishika majani. Katikati ya la tatu goti la kulia lililia kama bawaba kavu, nikatapika maji na ndizi pembeni ya njia. Nilipoinuka nilijaribu kukimbia nikashindwa. Nikajaribu tena. Kisha nikatembea.

Nataka nieleze jinsi ilivyokuwa kutembea pale. Njia hiyo nilikuwa naijua jiwe kwa jiwe. Kila kona nilikuwa nimewahi kukaa nikimsubiri, na kila kona nilikumbuka amefika akitokea chini, kichwa kimetulia, halafu kile kikohozi. Nilikuwa nimedhani nitakimbia kilomita sitini na mbili niwe nimelipa kitu. Kwenye lile korongo nikaelewa kwamba hata nikifika mwisho, hata nikishinda, ile milango miwili ndani ya kifua chake haitafunguka hata kidogo zaidi. Nilikuwa najua hilo tangu hospitalini. Ila kujua ukiwa umekaa na kujua ukiwa unapanda ni mambo mawili.

Karibu na kilomita ya thelathini nilimfikia mtu pekee aliyekuwa taratibu kuliko mimi. Alikuwa Mhindi, mzee wa karibu miaka sitini, mwembamba, fimbo mbili mkononi na kofia imefunika masikio. Kwa sura nilimfahamu, ana duka la vipuri mjini ambapo nimewahi kununua bawaba na skrubu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu kwenye mkia," alisema. "Hapa mkiani hakuna msongamano." Aliitazama namba yangu. "Njano?"

"Ya mdogo wangu. Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Pengine kwa sababu tulikuwa tunatembea wawili msituni na hatuangaliani usoni, mimi mbele yeye nyuma. Nilimwambia randa, raba, vumbi, mito miwili, mwezi mmoja badala ya mwaka. Nilisema mpaka tukashuka korongo lote tukavuka kijito. Askari wa msitu aliyekuwa amekaa hapo na bunduki kwa ajili ya nyati alitusalimu, tukaitikia, nikaendelea kusema. Nilipomaliza nilingoja. Nilitaka aseme si kosa langu. Au aseme ni kosa langu. Chochote.

Mzee alipanda hatua kama hamsini, fimbo zake zikigonga mawe.

"Ndugu yangu," alisema mwishowe, "hapo mimi sina la kukwambia."

Alifungua mkoba, akatoa viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na pilipili, akanipa viwili. Tukala tukitembea. Aliniambia yeye hutolewa katika mbio hii kila mwaka kituo cha kilomita ya arobaini na moja, kwa sababu ukifika pale baada ya saa nane mchana wanakutoa. Nikamuuliza mbona anarudi. Akasema mkewe naye huuliza hivyo hivyo.

Kituo hicho cha arobaini na moja kilikuwa kwenye uwanja wa kanisa, juu kidogo ya kwetu. Nilijua mama na mdogo wangu watakuwepo. Jirani mwenye gari alikuwa ameahidi kuwapandisha. Tulipotoka msituni nikasikia watu wanapiga makofi, nikamwacha mzee nyuma, nikajaribu kukimbia zile mita mia mbili za mwisho ili anione nakimbia. Nilikuwa nachechemea. Watoto wa pale walinifuata wakiiga mwendo wangu.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha ukuta, sweta na kitenge juu yake ingawa jua lilikuwa linawaka, na mama amesimama nyuma yake. Walikuwa pale tangu saa nne. Alikuwa amewaona wanawake wote wenye namba za njano wakipita. Yule wa kwanza, nilisikia baadaye, alikuwa msichana ambaye mdogo wangu alimshinda mara ya mwisho kwa zaidi ya robo saa.

Dada wa kituoni alinifuata na mkasi. "Pole sana, muda umepita," alisema. "Nikate hapa." Ilikuwa kanuni yao: anayetolewa hukatwa kona ya namba ili asirudi njiani.

"Subiri," nilisema. "Namba si yangu. Ni yake yule."

Alimtazama mdogo wangu, akanitazama mimi, hakuelewa. Mkasi ulikuwa umeshika karatasi tayari. "Mwache akate," mdogo wangu alisema kutoka kwenye kiti. Akakata.

Nilikwenda nikakaa chini kwenye majani karibu na miguu yake. Miguu ilikuwa imevimba; soksi zilikuwa zimemwachia alama za kina. Mama alinipa maziwa ya mgando kwenye kikombe, akasogea pembeni kuzungumza na mama wengine wa usharika, na nadhani alisogea makusudi.

"Ulianza kutembea wapi?" aliniuliza.

"Korongo la tatu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Pale mimi nilikuwa nakimbia," alisema. "Huku naumwa."

Niliweka kikombe cha maziwa chini kwenye majani.

"Nilikuwa najua si vumbi," nilisema. "Yapata mwaka mzima. Nilijua. Sikutaka kujua, lakini nilijua."

Nilidhani atalia au atanitukana. Alinitazama kama mtu anayemtazama fundi aliyeleta meza yenye miguu isiyolingana.

"Kaka, unafikiri kifua ni chako? Mimi ndiye niliyekuwa nasikia. Nilikuwa nakohoa kwanza nyuma ya mti, ndipo nakuja kwako, ukasikia mabaki. Nilikuwa najua kabla yako." Alipumzika kuvuta hewa. "Nilichagua mwenyewe. Usininyang'anye na hilo."

Yule mzee wa vipuri alifika muda huo, akakatwa kona yake bila kulalamika, akaja kutusalimu. Mdogo wangu alimwamkia. Mzee aliitikia marahaba, akasema, "Pole, mwanangu," kisha akaenda kuketi peke yake na chupa yake ya chai mpaka mkewe alipokuja kumchukua na gari.

Kutoka uwanja wa kanisa mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kuna kamlima kamoja tu. Tulingoja gari la jirani saa nzima.

Baada ya hapo mambo hayakwenda mbele. Miezi ilipopita tulimpeleka hospitali kubwa zaidi, wakampima upya, picha zikapelekwa kwa mabingwa Dar es Salaam. Kwa muda tulikuwa na neno la kusema watu wakituuliza: tunasubiri upasuaji. Mama aliliomba kanisani kwa jina hilo hilo, upasuaji. Majibu yaliporudi, daktari, si yule dada wa kwanza bali mwanaume mtu mzima aliyechoka, alisema vali zimeharibika mbili, na shinikizo kwenye mapafu limekuwa kubwa sana kwa muda mrefu sana. Mabingwa wanaona wakimpasua sasa hatoki mezani. Angekuja mapema kidogo, alisema, kisha akaacha sentensi hiyo ilivyo.

"Na kutembea?" mdogo wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Tembea. Kutembea ni kuzuri. Ila kwenye tambarare tu. Usipande mlima wowote."

Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi chini ya jua. Mama ndiye aliyesema, akijisemea: "Kwetu tambarare iko wapi?" Shamba letu lote ni mteremko. Choo kiko chini, bomba liko juu. Hata kutoka jikoni kwenda sebuleni kuna ngazi tatu za mawe alizojenga baba.

Ndiyo maana nilimhamishia Terrat. Nilimpata chumba huko kusini mwa jiji, kwenye nyua mpya ambako nyika ni sawa kama meza, miti ni ya kuhesabu na upepo hauna wa kuuzuia. Nilihamia chumba cha jirani na chake. Asubuhi naondoka kwenda karakana, jioni narudi kupika. Mama alikataa kuiacha kahawa, anakuja Jumapili baada ya ibada na mkungu wa ndizi. Mdogo wangu hakulalamika. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akatazama mbele, akasema hajawahi kuona mahali ambapo mtu anaweza kuona anakokwenda mapema hivyo.

Mwanzoni tulitembea kila jioni mpaka shule ya msingi na kurudi. Baadaye tukawa tunaishia kwenye transfoma. Baada ya Krismasi tukawa tunaishia kwa mama mmoja wa Kimasai anayeuza maziwa, nyumba ya nne, ambaye hututolea kigoda hata kabla hatujasalimu. Sishiki saa tena. Ila hesabu ya hatua naijua, kwa sababu anahesabu yeye, kwa sauti ya chini, na anapoacha kuhesabu najua tusimame.

Kulala chini sawa hawezi, akilala hivyo anaamka kama mtu anayezama majini. Nilimtengenezea kitanda cha mninga chenye upande wa kichwani ulioinuka, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa, nikakileta kwa mkokoteni. Alikisifu. Alikilalia wiki kadhaa vizuri.

Mwezi uliopita aliniomba nikiinue zaidi kidogo. Nilipima, nikakata vipande viwili vya mbao, nikavipigilia chini ya miguu ya kichwani. Alipanda, akajilaza, akafumba macho, akajaribu kuvuta hewa mara tatu.

"Bado," alisema.

Nikarudi nje kukata vingine.